Maneti haitumiki: tukose kuuliza swali la pili mpaka lini?

“Maneti haitumiki.” Ni sentensi ya maneno mawili, na katika mitaa ya Lubumbashi inasemwa kila siku. Anayeisema ni kijana mwenye kompyuta kuukuu. Ndani yake ameweka emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta iigize mashine za michezo za zamani, na amechomeka maneti ya USB iliyotengenezwa kwa mfano wa zile za miaka ya 80 na 90. Anataka kucheza na mdogo wake. Anabonyeza, mtu wa kwenye skrini hasogei. Anabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba maneti ni kiziwi. Kisha anatoka nje kumtafuta mtu anayejua. Na mara nyingi huyo anayejua anaitikisa maneti karibu na sikio, anasema imekufa, nunua ingine.

Maoni yangu ni kwamba maneti nyingi zinazotupwa hazijafa. Zinatupwa sababu hakuna aliyeuliza swali la pili: haitumiki namna gani? Na swali hilo, ndugu wasomaji, linatuhusu sisi tunaosoma lugha kuliko tunavyopenda kukubali. Wenzangu kadhaa wa masta wameniambia kwamba haya ni mambo ya mafundi na watoto, si ya jarida la wanafunzi wa isimu. Nimeandika ili kupingana nao.

Katika makala hii nitasema maneti na butoni, kama tunavyosema sisi wenyewe, na si kidhibiti na kitufe. Sababu nitaitoa mbele kidogo.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili sanifu, kutumika ni kutumiwa: kisu hiki kinatumika kukatia nyama. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kutumika ni kufanya kazi: baba anatumika kwenye mgodi, redio inatumika, mama ametumika tangu asubuhi. Hakuna mwanafunzi wetu asiyejua tofauti hiyo. Lakini iweke mbele ya emuleta uone inavyoleta balaa. Butoni inaweza kuwa nzima kabisa, mpira wake mzima, waya zake nzima, kompyuta inaisikia kila inapobonyezwa, na bado mchezo haujibu, sababu ndani ya menyu ya emuleta hakuna aliyeipa kazi. Butoni hiyo haitumiki kwa maana ya Dar es Salaam: hakuna anayeitumia. Butoni nyingine mpira wake umechakaa na umeme haupiti tena. Hiyo haitumiki kwa maana ya Lubumbashi: haifanyi kazi. Ya kwanza inapona kwa nusu dakika kwenye menyu. Ya pili inataka bisibisi. Fundi asiyeuliza atafungua maneti isiyo na ugonjwa wowote, na akiwa na bahati mbaya, ataifunga ikiwa nao.

Kati ya kidole na mchezo kuna stesheni zisizopungua nane: mpira ulio chini ya butoni, bamba la saketi, chipu, kamba, tundu la USB, mfumo wa kompyuta, emuleta, halafu mchezo wenyewe. Kosa linaweza kukaa popote. Mtu anayesema “haitumiki” ameona stesheni mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Kazi ya kutafuta ni kumwuliza mpaka tujue gari limekwama wapi.

Sasa, kutafuta huko tumekwisha kufundishwa, tena mwaka wa kwanza, katika somo la fonolojia. Pata na bata. Unabadilisha kitu kimoja, unaacha vingine vyote kama vilivyo, unatazama kama maana imegeuka. Ikigeuka, umepata fonimu mbili. Fundi mzuri anafanya hivyohivyo bila kumsoma Trubetzkoy. Anachomeka maneti ileile kwenye tundu lingine. Akikosa, anachomeka maneti nyingine kwenye tundu lilelile. Akikosa tena, anafungua mchezo mwingine kwa maneti ileile. Fundi mbaya anabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, maneti inaanza kutumika, kila mtu anapiga makofi, na hakuna anayejua nini kimeiponya. Keshokutwa ikikataa tena, wanaanza mwanzo.

Kuna pia mahali ambapo unaweza kuikata njia katikati na kujua kosa liko upande gani. Kwenye Windows ni dirisha dogo la tangu zamani linalofunguliwa kwa kuandika joy.cpl, kwenye Linux ni programu ya jstest. Hapo hakuna mchezo wala emuleta, kuna namba tu: butoni 1, butoni 2, butoni 3, na mihimili miwili kwa ajili ya ule msalaba wa kuelekeza. Bonyeza. Namba ikiwaka, basi mpira, bamba, chipu, kamba, tundu na mfumo vyote ni vizima. Acha bisibisi, kosa liko kwenye emuleta ama kwenye mchezo. Isipowaka, acha menyu, hata ukiibadilisha usiku kucha haitasaidia. Nimeona watu wakizunguka ndani ya menyu saa mbili kwa ajili ya waya uliokatika, na wengine wakikwangua bamba zima kwa ajili ya menyu.

Upande wa emuleta kuna mitego michache inayorudi kila mara. Emuleta nyingine, hasa za zamani, zinahesabu maneti zilizopo wakati zinapofunguliwa tu. Ukichomeka baadaye hazikuoni, kwa hiyo chomeka kwanza, fungua baadaye. Pengine kompyuta imekwisha kukiona kifaa kingine na kukiita mchezaji wa kwanza, nawe umekuwa wa pili bila kuambiwa: mchezo wa mtu mmoja utakaa kimya mbele yako. Pengine ni ule msalaba: maneti moja inautangaza kama mihimili, nyingine kama butoni nne, nyingine kama kofia, jina ambalo watu wa kompyuta wamelipa kifaa cha kuonyesha pande. Emuleta ikisubiri butoni na maneti ikatuma mhimili, kidole kitasema kushoto na emuleta itasikia upepo. Na tangu maneti ya Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, Windows ina njia mbili za kuzungumza na maneti, ya zamani na ya Xbox. Programu inayosikiliza moja tu haitaisikia ile inayozungumza kwa nyingine. Hapo maneti haina kosa, emuleta haina kosa. Hawana lugha moja tu. Watu wa Lubumbashi, ambao soko moja tu linawapitisha katika Kiswahili, Kibemba, Kiluba na Kifaransa kabla ya saa sita, hawahitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu.

Lakini chini ya butoni ndiko ninakopenda zaidi, na hapo naomba uvumilivu kidogo.

Chukua maneti ya NES, mashine ya Nintendo iliyofika Marekani mwaka 1985. Ina butoni nane ukihesabu pande nne za msalaba, na kamba yake ina nyaya tano. Nane kwa tano. Na kati ya hizo tano, mmoja ni wa umeme na mmoja ni wa ardhi, zinabaki tatu za mazungumzo. Zinawezaje kubeba habari za butoni nane? Ndani ya maneti mna chipu ndogo, namba yake ni 4021. Waya wa kwanza unatoa amri: kila mmoja akae alivyo. Waya wa pili unagonga mara moja moja. Kila unapogonga, waya wa tatu unapitisha jibu la butoni moja, kwa utaratibu usiobadilika: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Jibu lenyewe halina jina. Ni ndiyo ama hapana, basi. Mashine inajua kwamba jibu la saba ni la kushoto kwa sababu ni la saba.

Sisi tunakijua kitu hiki. Tuliwaona, walituona. Vipande ni vilevile, tu na wa, havina alama ya kusema nani aliona na nani alionwa. Nafasi ndiyo inasema. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuzipanga bila kufikiri, nasi tunapewa muhula mzima wa kueleza anachofanya. Nilipoelewa chipu ya 4021 nilielewa upya mofolojia ya kitenzi chetu, na siogopi kusema kwamba nilielewa kwa njia hiyo kuliko kwa michoro ya ubaoni.

Na utaratibu huo una faida kwa mtafutaji wa kosa. Butoni zote nane zinapita kwenye nyaya zilezile. Kwa hiyo, butoni moja ikifa na saba zikawa hai, kamba haina hatia, usiikate. Zikifa zote kwa pamoja, mpira hauna hatia: mipira minane haifi siku moja. Maneti za USB za leo zina chipu ya aina nyingine na nyaya nne badala ya tano, lakini hesabu ni ileile, sababu butoni zote bado zinapita njia moja. Swali la pili, basi, si gumu: “Ni moja ama ni zote?” Mtoto wa miaka sita anaweza kulijibu. Tatizo ni kwamba haulizwi.

Swali la tatu ni la wakati, na hapa Kiswahili cha Lubumbashi kinatupa kitu cha kujivunia. Sikiliza:

“Yaya, kushoto inakatala.”
“Iko nakatala sasa, ama inakatalaka?”
“Inakatalaka. Ukifinya sana inakubali.”

Iko nakatala: wakati huu tunapoongea, inakataa. Inakatalaka: ina tabia ya kukataa, leo ndiyo, kesho hapana. Ile -aka ya mwisho, ambayo vitabu vinaitaja kama alama ya mazoea na ambayo walimu wa shule za msingi wanaifuta kwa kalamu nyekundu, inabeba nusu ya uchunguzi. Butoni moja inayokatalaka na kukubali ikifinywa sana ni mpira uliochakaa ama uchafu kwenye bamba. Zote zikikatalaka pamoja, hasa ukiikunja kamba mahali inapoingia kwenye maneti, ni waya uliokatika nusu, kile ambacho mafundi wetu wanakiita kwa Kifaransa fokonta. Butoni isiyokatalaka, bali imekatala moja kwa moja tangu siku ya kwanza, mara nyingi haina ugonjwa wa mwili: haijapewa kazi.

Mtu wa sanifu ataniambia: lakini tunayo hu-. Hukataa. Ni kweli, na hu- ni alama nzuri. Ila inakuja na gharama: inafukuza kiambishi cha nafsi. “Hukataa” haisemi ni nani. Katika inakatalaka, i- iko palepale, na na- iko palepale. Na ukitaka kusema ya zamani unasema ilikatalaka, yaani ilikuwa na tabia hiyo, sasa imeacha. Nani, lini, na kwa tabia gani, vyote ndani ya neno moja. Kwa mtu aliyeshika bisibisi huo si urembo.

Kwa wale wanaotaka dawa na si sarufi: mpira uliochakaa si mwisho wa dunia. Chini yake mna kidonge cheusi cha kaboni kinachogusa njia mbili za shaba na kuziunganisha. Vumbi jekundu la kiangazi chetu linaingia, jasho linaingia, soda ya mdogo wako inaingia. Fungua, toa mpira, futa bamba na vile vidonge kwa pamba na alkoholi ya famasia, acha pakauke, rudisha kila kitu mahali pake. Ukirudisha mpira umekaa upande, utasema umeiharibu, kumbe umeupindisha tu. Wengine wanapaka risasi ya penseli kwenye kidonge kilichochakaa; inasaidia, sababu risasi hiyo ni grafiti na inapitisha umeme, lakini haikai siku nyingi. Na kabla ya yote hayo, kama maneti yako ni ya bei ndogo, tazama kama haina butoni ya turbo iliyobaki imewashwa. Maneti inayopiga risasi yenyewe haina pepo.

Sasa majina. Hapa ndipo wanafunzi wa Saussure wangepaswa kukimbilia kabla ya mafundi. Kwenye maneti ya Super Nintendo, A iko kulia na B iko chini. Kwenye maneti ya Xbox, A iko chini na B iko kulia. Herufi zilezile, mahali pamegeuzwa. Kwa Sony ni zaidi: kwenye PlayStation za Japani, duara lilikuwa kukubali na msalaba kukataa, kama Wajapani wanavyotia alama za sahihi na kosa, michezo hiyo ilipofika Marekani na Ulaya, kwa kawaida msalaba ukawa kukubali. Imekwenda hivyo tangu miaka ya 90 hadi PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020, Sony ilipoamua kwamba Japani nayo ifuate msalaba. Alama haina uhusiano wa asili na maana yake: tulilinakili hilo katika madaftari yetu, tukalijibu katika mtihani, na bado tunashangaa kwa nini mdogo wetu anabonyeza A na mchezo unarudi nyuma.

Programu ya RetroArch, inayokusanya emuleta nyingi mahali pamoja, imejaribu kutatua ugomvi huo kwa kubuni maneti isiyokuwepo, inaitwa RetroPad, yenye umbo la ile ya Super Nintendo. Maneti yako ya kweli inatafsiriwa kwanza kwenda RetroPad, na RetroPad inatafsiriwa kwenda mashine inayoigizwa. Ni lugha ya kati, kama Kiswahili chenyewe kati ya Mluba na Mbemba kwenye soko la Kenya. Nasema Kenya ya hapa kwetu, komini, si ile nchi. Hivyo butoni moja ina majina manne: iliyoandikwa juu ya plastiki, namba ambayo mfumo wa kompyuta unaipa, jina la RetroPad, na kazi yake ndani ya mchezo. Ndugu wawili wakigombana sababu “A haitumiki”, mwulize kila mmoja: A ya nani? Mara nyingi hakuna kilichoharibika isipokuwa mazungumzo.

Nilisema nitaeleza kwa nini natumia maneti na si kidhibiti. Siwachukii wanaotunga istilahi. Nimesoma kwa furaha ule mzozo wa zamani wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na naheshimu kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, wakati ambapo wengi waliamini haiwezekani. Makala hii yenyewe nimeiandika kwa sanifu, ama karibu nayo, sababu nataka isomeke Bukavu na Kigoma. Lakini istilahi nyingi tunazopewa ni nomino. Kidhibiti, kitufe, kebo, skrini. Zinataja viungo vya mwili wa mashine. Hazisemi mashine inaumwaje. Mgonjwa akifika hospitali hasemi “ini”. Anasema panachoma hapa nikila. Daktari anataka vitenzi na vielezi.

Tazama neno hitilafu. Ni neno zuri, la redioni, la magazeti: nyumba imeungua kwa hitilafu ya umeme. Ukimaliza kulisikia hujui zaidi ya ulivyojua mwanzo. Fokonta, pamoja na uzawa wake wa Kifaransa, inaupeleka mkono mahali: tafuta panapogusa na kuachia. Mimi nikichagua kati ya neno safi lisilosema kitu na neno chotara linaloonyesha mahali, nachagua chotara, na sioni aibu. Vilevile nakataa uongo wa upande wa pili, wa wale wanaosema lugha ya mtaa ina kila kitu na haina la kujifunza. Haina kila kitu. “Haitumiki” ni ushahidi. “Kukatala” yenyewe inabebeshwa mizigo kumi.

Kiswahili chetu kimechunguzwa na wengi. Polomé alikiandikia makala mwaka 1968. Johannes Fabian aliandika mwaka 1973 juu ya neno kazi, na mwaka 1986 akatoa kitabu juu ya jinsi ukoloni ulivyokishika Kiswahili katika Kongo hii. Mwaka 2014 Ferrari, Kalunga na Mulumbwa walitupa sarufi yenye matini na msamiati, ambayo ninaitumia karibu kila juma. Mji huu, uliozaliwa 1910 kwa ajili ya shaba ya Union Minière, umeitumia lugha hii kazini tangu babu zetu. Ni lugha iliyokua kati ya mashine. Kwa hiyo si ajabu hata kidogo ikiwa na njia zake za kusema mashine inaumwa nini. Ajabu ingekuwa ikikosa. Ninachoomba ni tuziandike kama lugha, tukiwa bado tunazisikia.

Nina pendekezo dogo, na tasnifu yangu nataka iende huko. Nilishauriwa nitunge orodha ya istilahi mia tatu za kompyuta. Ni kazi ya heshima, inamalizika kwa wakati, na baada ya utetezi inalala kabatini. Mimi nataka kukaa kwa mafundi wa Katuba, Kenya na Ruashi, na kuandika sentensi ya kwanza ya kila mteja, kama alivyoisema, kabla fundi hajagusa kitu. Kisha niandike maswali ya fundi. Kisha kilichoonekana baada ya kufungua. Malalamiko upande huu, chanzo upande ule. Kamusi ya namna hiyo haipangwi kwa herufi bali kwa dalili: unafungua kwenye “inakubali ukifinya” na unaona mara nyingi ni mpira. Nitaanza na maneti sababu ni ndogo, stesheni zake zinahesabika, na anayekosea hatoi roho ya mtu. Baadaye mwingine achukue pampu za maji, ama betri za sola.

Anayefikiri kwamba hilo ni mchezo, nimpeleke kwa mama mmoja wa Katuba anayeendesha chumba cha michezo: kompyuta mbili, maneti nne, benchi, na watoto wa shule wanaolipa kwa mchezo. Maneti moja ikinyamaza, mchezo wa watu wawili hauuziki kwenye kompyuta hiyo, na watoto wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Kwake tofauti kati ya “imekufa” na “haijapewa kazi” ni unga wa jioni. Alikuwa na mfuko mzima wa maneti alizoambiwa zimekufa. Tulizipitia moja moja kwenye kompyuta, mimi, yeye na mtoto wake wa kike wa miaka tisa, ambaye ndiye alikuwa anabonyeza na kutuambia anachoona. Maneti mbili hazikuwa na kitu, ilikuwa menyu. Tatu zilitaka pamba na alkoholi. Moja ilikuwa na bamba lililovunjika, hiyo ilikufa kweli.

Ya mwisho mtoto aliishika, akaona taa yake ndogo inawaka, akabonyeza butoni zote, akatazama namba ambazo hazikuwaka hata moja. Akasema: “Hii inasikia, lakini haijibu.” Nikaandika hivyohivyo kwenye daftari. Taa inawaka, maana yake umeme unaingia. Namba zote kimya, maana yake mazungumzo hayatoki, na kwa kuwa ni zote na si moja, si mpira. Tukafungua. Waya mwekundu mzima, mweusi mzima, mweupe mzima. Wa kijani, ambao ni mmoja wa zile mbili zinazobeba mazungumzo, ulikuwa umekatika palepale kamba inapoingia kwenye plastiki, nyuzi zake nyembamba za shaba zimesimama kama nywele.